Darkthrone
Darkthrone ni bendi ya muziki wa blaki metali kutoka mji wa Kolbotn, Norwei. Ilianzishwa mwaka 1986 kwa jina la Black Death, ikajiita Darkthrone mwaka uliofuata. Albamu yake ya kwanza, Soulside Journey (1991), ilikuwa ya deth metali; A Blaze in the Northern Sky (1992) ndiyo iliyoiingiza katika blaki metali. Tangu 1993 imebaki na wanamuziki wawili: Fenriz, mpiga dramu, na Nocturno Culto, mwimbaji na mpiga gitaa. Katika albamu ya Transilvanian Hunger (1994), Fenriz alipiga ala zote peke yake. Katika albamu hiyo gitaa linakwaruza, dramu zinakwenda mwendo mmoja karibu mwanzo hadi mwisho. Kwa miaka mingi bendi hii imekuwa haipandi jukwaani, hurekodi tu.