Biashara na amani katika Ziwa Viktoria (Migori na Homa Bay)

Biashara ya samaki ndiyo inayoziunganisha fuo za Migori na Homa Bay na Uganda na Tanzania. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Viktoria, kwa hiyo mvuvi wa Muhuru anayefuata mbuta hachukui muda kuingia maji ya jirani.

Mzozo unaojulikana zaidi ni wa Migingo, kisiwa cha mwamba cha takriban nusu eka. Mwaka 2004 polisi wa Uganda walipandisha bendera yao hapo, na wavuvi wakaanza kutozwa kodi. Mwaka 2009 mambo yalichacha: vijana wa Kibera, Nairobi, waling'oa reli ya kwenda Uganda, naye Rais Museveni wa Uganda akasema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Hata hivyo majeshi hayakupigana. Walitumwa wapima mipaka. Shehena za Uganda hupitia Mombasa, na viwanda vya Kenya huitegemea Uganda kama soko kubwa, hivyo kila upande ulijua vita vingeugharimu nini. Kisiwani shilingi za nchi zote mbili ziliendelea kupokelewa, na samaki kushushwa Sori.

Biashara si kinga kamili dhidi ya mizozo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, na Wakuria wa Isebania na Sirari wakatenganishwa na jamaa zao. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumukuvu. Safari hii zuio liliondolewa baada ya siku chache, na Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alikuwa mgeni Nairobi.

Pingamizi la kimaadili dhidi ya biashara hii ni zito, wala halifai kufunikwa kwa neno amani. Minofu ya mbuta huuzwa Ulaya. Mwenyeji hubakiwa na mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa vinavyokaangwa sokoni. Alfajiri, mashua za omena zikifika, mama mchuuzi huingia majini na beseni lake, pesa ameshika mkononi, na bado huenda asipewe samaki mpaka akubali kulala na jaboya, yaani mvuvi anayemuuzia. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini.

Kukata biashara hakumwokoi mama huyo. Samaki wakiadimika, jaboya ndiye anayezidi nguvu. Katika ufuo wa Nduru, Nyakach, kaunti jirani ya Kisumu, wanawake walipata mashua zao wenyewe, wakaajiri wavuvi na kuacha kuomba. Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lililoundwa kwa mkataba wa 1994 na lenye makao Jinja, lina wajibu wa kumweka mchuuzi huyu katika mipango yake, sawa na linavyohesabu mbuta.