Cheti Ndani ya Biblia

Mamangu ameficha cheti cha ploti ndani ya Biblia. Si hati miliki. Ni cheti cha hisa, kina muhuri wa zambarau na namba iliyoandikwa kwa kalamu. Ploti yenyewe iko upande wa Mavoko. Tangu Oktoba 2023, kila akipita huko huchungulia dirisha la matatu aone kama mawe ya msingi bado yapo.

Mwezi huo mahakama iliamua kwamba ekari zaidi ya 4,000 huko Mavoko ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Siku chache baadaye tingatinga ziliingia, polisi wakilinda. Watu waliokuwa wamejenga na kuvuta stima walibaki kando ya barabara na magodoro yao. Wengi walikuwa na vyeti kama cha mama.

Nilidhani hii ni hadithi ya juzi, hadi nikasoma habari za 1938. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilisema Wakamba wana mifugo kupita kiasi na udongo unaisha. Askari wakachukua ng'ombe zaidi ya 2,000, wakapigwa mnada kwa bei ya kutupa. Hapo hapo Athi River, kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinahitaji ng'ombe. Hakuna aliyeitwa mbele ya hakimu kujitetea. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kumtafuta gavana, wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini serikali ililegea: mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu ukaachwa.

Wale watu walidai vitu viwili: kuambiwa mapema na kusikizwa. Leo vyote viko kwenye sheria. Marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Ardhi yanamtaka mwenye shamba la kibinafsi kutoa notisi ya maandishi angalau miezi 3 kabla ya kuwaondoa watu. Wakiwa wengi, notisi ichapishwe katika magazeti mawili ya kitaifa na kubandikwa mahali pasipopungua patano kwenye ardhi hiyo. Nakala iende kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo. Aliyepewa notisi anaweza kwenda kortini kuomba afueni.

Siku ya kubomoa nayo ina masharti yake. Wanaokuja wajitambulishe na waonyeshe idhini. Maafisa wa serikali wawepo. Wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza kuvunja wenyewe na kuokoa mabati yao. Kwa kawaida dalali wa mahakama ndiye hutekeleza amri, naye OCS hutakiwa kulinda usalama. Usalama huo ni wa pande zote mbili, hata wa mama aliyekaa juu ya sufuria zake.

Nilimsomea mama haya yote jikoni. Alinisikiza akichambua maharagwe, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo notisi hubandikwa saa ngapi, mchana ama usiku?"

Sikuwa na jibu. Sheria ni nzuri, ila ikivunjwa alfajiri, kesi itasikizwa nyumba ikiwa kifusi. Syokimau, Novemba 2011, nyumba za kifahari ziliangushwa kwenye ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja wa ndege, na baadhi ya wenyewe walikuwa wameshika hati miliki kabisa. Sasa cheti cha hisa kitamzuia nani?

Tumekubaliana kitu kimoja. Jumatatu tunaenda ofisi ya ardhi, Machakos mjini, tujue ile ploti imeandikishwa kwa jina la nani. Mama anaogopa jibu. Mimi pia. Lakini heri tulisikie kutoka kwa karani aliye nyuma ya dirisha kuliko kutoka kwa dereva wa tingatinga.