Dakika Tatu za Kuandika: Kipimo cha Ufasaha na Mwanafunzi Mswahili wa Toronto

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mwalimu hutoa sentensi moja ya kuanzia hadithi, huacha dakika 1 ya kufikiri, kisha hutoa dakika 3 za kuandika. Baadaye huhesabu maneno yote, maneno yaliyoendelezwa sawasawa, na jozi za maneno jirani zisizo na kosa la tahajia wala sarufi. Stanley Deno na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walianza kukijenga mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya walimu wa elimu maalumu, waliotaka kujua mapema kama mafunzo yao yanamfaa mtoto fulani. Hoja yangu ni kwamba kibaki hapo hapo: kimlinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Kikigeuzwa kuwa ngazi ya kuwapanga watoto, kitawaonea wageni.

Haja yake Toronto ipo. EQAO, chombo cha mitihani cha Ontario kilichoundwa mwaka 1996, hupima darasa la 3, kisha la 6. Mtoto aliyekwama kati ya hapo hawezi kungojea mtihani ujao. Tena kazi moja ya dakika 3 haitoshi kumhukumu mtu. Ni mfululizo wa kazi hizo ndio unaoonyesha mwendo.

Ugumu huanza kwenye kuhesabu. Tuseme mtoto kaandika kwa Kiswahili: “Jana nilipoteza kitabu yangu njiani.” Maneno ni matano, na yote matano yameendelezwa vizuri, kwa hiyo vipimo viwili vya kwanza vinampa alama zote. Kwa jozi, tukihesabu pia mwanzo wa sentensi na nukta ya mwisho, nafasi ni sita, naye anapata nne tu, maana “yangu” imeharibu upande wake wa kushoto na wa kulia. Mtoto huyo huyo akiandika “hatukuwaona”, anahesabiwa neno moja kwa wazo ambalo Kiingereza kingelipa maneno matano. Kulinganisha idadi ya maneno ya lugha hizi mbili ni kazi bure. Na akianza na “hapo zamani za kale”, amejipatia maneno manne ya bwerere!

Sentensi ya kuanzia nayo ina upendeleo wake. Mambo ya likizo kwenye nyumba ya kando ya ziwa, au ya jino lililowekwa chini ya mto wa kulalia, humfungulia mlango aliyekulia Ontario. Aliyezoea kulirusha jino juu ya paa atamaliza dakika yake ya kufikiri akijiuliza mto unahusikaje. Hapo kinachopimwa ni ujuzi wa mazingira, ufasaha haujafikiwa bado.

Jim Cummins wa Chuo Kikuu cha Toronto alionyesha mwaka 1981, kwa takwimu za shule za mji huo, kwamba wahamiaji huzoea Kiingereza cha mazungumzo kwa takriban miaka 2, ilhali kile cha masomo huwachukua miaka 5 hadi 7. Alama ya chini katika mwaka wa kwanza, basi, haitoshi kuwa dalili ya ulemavu wa kujifunza.

Sera ya Ontario ya mwaka 2007 kuhusu wanaojifunza Kiingereza inawatenganisha wanafunzi wanaohitaji Kiingereza tu na wale ambao masomo yao yalikatizwa, kwa mfano katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma au Nyarugusu. Karatasi ya Kiingereza haiwezi kuwatofautisha: wote wawili wataandika mistari miwili. Karatasi ya Kiswahili, kwa dakika zile zile 3, itawatofautisha, kwa sababu mmoja ataijaza na mwingine atahangaika na herufi. Ndiyo maana napendekeza ichukuliwe siku za mwanzo, kabla ya uamuzi wowote wa darasa.

Itabaki kuamua nani asahihishe. Si lazima awe mwalimu. Mzazi au mfanyakazi wa huduma za wahamiaji aliyefundishwa anaweza. Ila aijue “kitabu yangu” inavyosemwa Nairobi na Bukavu, na aandike pembeni ya alama kama hilo ni kosa la mwandishi au ni mazoea ya kwao.