Kutoka Kushoto Kwenda Kulia: Barabara za Mashambani za Uswidi na Somo la 1967

Anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala na kufika Stockholm huchukua siku kadhaa kuyazoeza macho yake. Anapotaka kuvuka barabara hutazama upande usio na gari, na gari humjia kutoka upande wa pili. Kwao magari hupita kushoto, huku hupita kulia. Lakini angefika hapa wakati wa kiangazi cha mwaka 1967 asingepata taabu hiyo, kwa sababu Uswidi nayo ilikuwa nchi ya kushoto. Ilikuwa hivyo tangu mwaka 1734, na iliendelea hivyo mpaka alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Septemba 1967.

Siku hiyo Waswidi huiita Dagen H, yaani Siku ya H, herufi ya kwanza ya neno lao la "kulia". Picha inayojulikana zaidi ilipigwa mtaa wa Kungsgatan, hapa hapa Stockholm: magari yamekaa shaghalabaghala na watu wamejaa barabarani wakishangaa. Kwa sababu ya picha ile wengi hudhani kwamba hili lilikuwa jambo la mjini. Ukweli ni kwamba mabadiliko yale yalisukumwa zaidi na barabara za mashambani, na hatari iliyoyaleta ilikuwa ikiua huko.

Tuanze na mipaka. Norwei na Ufini, majirani wa Uswidi wa nchi kavu, zilikuwa zikipita kulia. Mpaka wa Norwei ni mrefu, na unakatwa na barabara nyingi ndogo katika mikoa yenye watu wachache kama Värmland na Jämtland. Dereva aliyevuka hapo alipaswa kukumbuka kuhama upande, usiku au mchana, kwenye theluji au kwenye ukungu. Kadiri safari za kuvuka mpaka zilivyoongezeka, ndivyo kusahau kulivyozidi kuwa hatari.

Tatizo la pili lilikuwa ndani ya magari yenyewe. Ingawa Waswidi walipita kushoto, karibu magari 9 kati ya 10 yalikuwa na usukani upande wa kushoto, sawa na magari ya nchi za kulia. Maana yake dereva alikaa upande wa ukingo wa barabara, mbali na mstari wa katikati. Mjini hilo halikuwa na madhara makubwa. Mashambani, kwenye barabara nyembamba ya njia mbili, dereva aliyekuwa nyuma ya lori hakuona mbele mpaka alitoe karibu gari lake zima kwenye njia ya wanaokuja. Mara nyingi aliyekuwa anakuja alikuwa tayari amefika.

Madereva wa malori ya Afrika Mashariki wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigali lina usukani kulia, kama sheria ya Tanzania inavyofaa. Likivuka daraja la Rusumo linaingia Rwanda, nchi ya kulia, na kuanzia hapo dereva wake anakaa ukingoni kama Mswidi wa mwaka 1960. Anapotaka kulipita gari la mbele humtegemea utingo, au humtegemea Mungu.

Serikali ya Uswidi iliwauliza wananchi. Katika kura ya maoni ya Oktoba 1955, asilimia 83 hivi walikataa kuhama na kutaka kubaki kushoto. Jibu lilikuwa wazi. Hata hivyo, katika miaka kumi tangu kura hiyo idadi ya magari nchini iliongezeka karibu mara tatu. Mei 1963 Bunge likapitisha sheria ya kuhama, kinyume cha kura ile. Je, ilikuwa haki? Kura ile ilikuwa ya ushauri tu, hivyo kisheria Bunge halikukosea. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba mpango huu unaosifiwa leo ulianza kwa kuwapuuza wengi. Huenda ndiyo sababu serikali ilijitahidi sana kuwaelimisha watu baadaye: ilijua kwamba haikuwa imewashawishi.

Maandalizi yalichukua miaka minne. Kila nyumba ilipelekewa kijitabu. Herufi H ilichapwa kwenye pakiti za maziwa na hata kwenye chupi. Mabasi yalihitaji milango upande wa pili. Mengine yalifumuliwa na kushonwa upya, mengine yakauzwa. Miji ya Göteborg na Malmö iliyauza ya kwake Pakistan na Kenya. Basi lililokosa kazi Uswidi kwa sababu ya mlango wake lilifaa kabisa kwenye barabara za Kenya. Hapa Stockholm tramu za katikati ya mji zilifanya safari zao za mwisho usiku wa kuamkia siku hiyo.

Alfajiri yenyewe magari yasiyo ya lazima yalikatazwa barabarani. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi kila gari lililokuwa njiani lilisimama, likahamia kulia polepole, likasimama tena. Ilipotimu saa kumi na moja kamili, nchi nzima ikaanza kwenda upande mpya. Vibao vya barabarani vipatavyo 360,000 vilibadilishwa, na wanajeshi walisaidia kazi hiyo.

Waliotabiri maafa walikosea. Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, ziliripotiwa ajali 125, na hakuna aliyekufa katika ajali hizo. Jumatatu za kabla yake zilikuwa na ajali kati ya 130 na 198. Mwaka 1966 barabara za Uswidi ziliua watu 1,313. Mwaka 1967 waliokufa walikuwa 1,077. Ilionekana kwamba upande wa kulia umeleta baraka.

Lakini tazama miaka iliyofuata. Mwaka 1968 walikufa 1,262, na mwaka 1969 walikufa 1,275. Katika miaka miwili tu faida ilikuwa karibu imekwisha. Barabara zilikuwa zile zile za kulia, na magari yalikuwa yale yale. Kilichoondoka ni woga. Katika wiki za mwanzo mwendo wa juu uliwekwa kuwa kilomita 40 kwa saa mijini na 60 mashambani, na kila dereva alimwangalia mwenzake kama mwanafunzi asiyeaminika. Baadaye viwango vya mwendo vikapandishwa, mikono ikazoea, na mashaka yakaisha. Waswahili husema mazoea yana taabu, na takwimu hizi ni ushahidi wake.

Hili ndilo somo la 1967 kwa maoni yangu, na halihusu kushoto wala kulia. Tahadhari huokoa watu, lakini haidumu. Hakuna kampeni inayoweza kumfanya dereva awe na hofu ya siku ya kwanza maisha yake yote.

Uswidi ilichukua miaka 30 kulifanyia kazi somo hilo. Oktoba 1997 Bunge lilipitisha shabaha kwamba mwishowe asife wala asijeruhiwe vibaya mtu yeyote barabarani. Fikra yake ilikuwa ngeni: binadamu atakosea tu, kwa hiyo barabara ijengwe ili kosa lake lisimwue. Mwaka 1998 fikra hiyo ilijaribiwa kwenye barabara ya E4 kaskazini ya Gävle. Barabara hiyo ilikuwa pana lakini haikuwa na kitu katikati, na watu walikuwa wakigongana uso kwa uso. Wahandisi hawakuipanua. Waliigawa kuwa njia tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, zikibadilishana kila baada ya kilomita chache, na katikati wakaweka uzio wa nyaya za chuma.

Sababu yake ilikuwa hesabu. Barabara ya mashambani inayopitisha magari elfu kadhaa kwa siku haina magari ya kutosha kuhalalisha gharama ya barabara kuu ya njia nne, lakini ina ya kutosha kuua. Uzio ulikuwa wa bei nafuu. Waendesha pikipiki waliulalamikia, na magari huugonga mara kwa mara. Lakini gari linalougonga halimfikii anayekuja, na vifo kwenye barabara za aina hii vilipungua kwa takriban robo tatu au zaidi. Mwaka 1997 Uswidi ilipoteza watu 541 barabarani. Mwaka 2020 ilipoteza 204.

Afrika Mashariki haina haja ya kuhama upande ili kufaidika na habari hii. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana uso kwa uso karibu na Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret nchini Kenya, na watu 36 wakafa. Baada ya hapo ukuta wa zege ulijengwa katikati ya barabara sehemu hiyo. Mahubiri kwa madereva yalikuwa yamehubiriwa miaka mingi kabla yake.

Kuna neno moja la Kiswahili linalofaa kutajwa mwishoni. Watanzania huuita mzunguko wa barabarani kipilefti, na vikiwa vingi ni vipilefti, kana kwamba neno lilizaliwa katika ngeli ya KI-VI. Asili yake ni kibao cha Kiingereza kilichomwamuru dereva abaki kushoto. Amri ile imesahauliwa, lakini dereva bado huzunguka salama, kwa sababu umbo la barabara lenyewe humlazimisha kupunguza mwendo.