Tanzania: Gesi isiyoonekana hupimwaje ndani ya bomba?

Bomba la gesi asilia linaloanzia Mtwara, kusini mwa Tanzania, hadi Dar es Salaam lilizinduliwa rasmi Oktoba 2015. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na kipenyo cha inchi 36, na lilijengwa kuweza kusafirisha hadi futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Sehemu kubwa ya gesi hiyo huzalisha umeme. Lakini muuzaji na mnunuzi hukubalianaje kuhusu kiasi cha bidhaa ambayo hakuna anayeiona?

Ugumu unatokana na tabia ya gesi yenyewe. Maji hayashindiliki kwa urahisi, gesi hushindilika. Futi moja ya ujazo ya gesi iliyo chini ya mgandamizo mara 50 ya ule wa hewa ya kawaida, ikiachiwa nje, hutanuka na kujaza futi 50 na zaidi. Joto nalo huitanua. Kwa hiyo, kutaja ujazo pekee hakutoshi. Mgandamizo, joto na kasi ya mtiririko hupimwa kwa pamoja, kisha kompyuta hugeuza matokeo kuwa ujazo katika hali iliyokubaliwa na pande zote, kwa mfano nyuzi 15 za Selsiasi na mgandamizo wa kawaida wa hewa.

Kupima mgandamizo

Kifaa kinachofahamika zaidi ni geji yenye mshale, iliyobuniwa na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849. Ndani yake mna mrija bapa uliopindwa. Gesi inapousukuma, mrija hujinyoosha kidogo na kuusogeza mshale. Siku hizi vitambuzi vya umeme hutuma vipimo moja kwa moja hadi chumba cha uendeshaji.

Kupima mtiririko

Njia ya zamani ni kuweka ndani ya bomba bamba lenye tundu katikati. Gesi hulazimika kuongeza kasi inapopenya, na mgandamizo wake hupungua, kanuni iliyoelezwa na Daniel Bernoulli mwaka 1738. Tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya bamba ndiyo huonesha mtiririko: tofauti hiyo ikiongezeka mara nne, mtiririko umeongezeka mara mbili.

Njia mpya zaidi hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Sauti inayofuata mkondo wa gesi hufika mapema kuliko inayoupinga, na tofauti ya muda hufichua kasi. Njia hii haiweki kizuizi chochote ndani ya bomba.

Fedha na usalama

Kosa la asilimia 1 katika futi milioni 100 kwa siku ni futi milioni moja ambazo ama zimelipiwa bila kupokewa, ama zimepokewa bila kulipiwa. Mrabaha wa serikali nao hutegemea takwimu hizohizo. Ndiyo maana vifaa hukaguliwa mara kwa mara.

Vipimo pia hulinda maisha. Waendeshaji hulinganisha gesi iliyoingia na iliyotoka, wakizingatia iliyobaki bombani, ambayo hukadiriwa kwa mgandamizo na joto. Hesabu zikikataa kuwiana, au mgandamizo ukishuka ghafla, huenda bomba linavuja. Hapo vali hufungwa na sehemu hiyo hutengwa kabla cheche moja haijaleta maafa.