Kioo Kimoja, Kazi Mbili: Historia Fupi ya Skrini, na Swali Kutoka Namoto

Utangulizi

Ndugu msomaji, makala haya yalianza kwa simu. Shemeji yangu anaishi Namoto, ng'ambo ya Mto Ruvuma, mkabala na Kilambo yetu ya Mtwara. Familia yake ni miongoni mwa kaya nyingi za wilaya ya Palma zilizohama baada ya shambulio la Machi 2021. Waliporejea walianza upya kununua vyombo, kimoja baada ya kingine. Binti yao wa kwanza sasa anasomea ualimu, na amepata kompyuta ya mezani iliyotumika, sanduku tupu lisilo na skrini. Wakati huohuo wazee wa nyumba wanataka televisheni. Fedha iliyopo ni ya kioo kimoja tu.

"Shemeji," aliniambia, "wewe ndiye msomi wetu. Je, kioo kimoja kinaweza kufanya kazi zote mbili, au tutakuwa tumenunua hasara?"

Nilimjibu haraka kwamba inawezekana. Baada ya kukata simu nikaona kuwa jibu langu lilikuwa jepesi mno. Kwa nini vioo viwili vinavyofanana vikaitwa kwa majina mawili na kuuzwa kwa bei mbili? Swali hilo lina historia, na ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi walimu wa lugha.

Asili moja

Tukirejea nyuma, tutaona kuwa skrini ya televisheni na ile ya kompyuta ni watoto wa baba mmoja. Mwaka 1897 Mjerumani Ferdinand Braun alitengeneza bomba la kioo ambalo ndani yake mwali wa elektroni hupiga ukuta wa mbele na kuacha nuru. Bomba hilo ndilo lililokuja kuwa moyo wa televisheni zile tulizoziita "za chogo", kwa sababu ya kisogo chake kirefu kilichojitokeza nyuma.

Kompyuta nayo ilianzia hapo hapo. Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1948, wataalamu walilitumia bomba la namna hiyo kama kumbukumbu ya kompyuta. Tarakimu zilihifadhiwa juu ya uso wake zikiwa vidoa vya chaji ya umeme, na bomba jingine likawaonesha wataalamu hali ya vidoa hivyo. Kwa hiyo kabla kompyuta haijajua kutuandikia barua, tayari ilikuwa imeazima kioo cha jirani yake.

Uhusiano huo ulidumu. Kompyuta za nyumbani kama Apple II ya mwaka 1977, na Commodore 64 na ZX Spectrum za mwaka 1982, ziliweza kuchomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Mnunuzi wa ZX Spectrum hakununua skrini kabisa. Alichomeka waya mahali pa antena, akatafuta stesheni, na kompyuta ikatokea kama vile ni kituo kingine cha matangazo. Matokeo yake yalikuwa ugomvi wa kila jioni: mtoto anataka kuandika programu, baba anataka taarifa ya habari. Ndugu msomaji, tuliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia.

Herufi ndizo zilizowatenganisha

Kama asili ni moja, ni kitu gani kilichowatenga? Jibu ni herufi.

Televisheni iliundwa kwa ajili ya picha inayotembea na mtazamaji aliyekaa mbali. Mfumo wa mistari 625 ulichora kwanza mistari ya namba witiri, kisha ile ya shufwa, na hivyo picha kamili zilikuwa 25 tu kwa sekunde. Uso wa mchezaji wa mpira anayekimbia haudhuriki kwa hilo. Lakini herufi imetulia. Jicho likiikodolea karibu, huona mistari yake ikicheza na kingo zake zikififia.

Ndiyo maana ZX Spectrum ilionesha herufi 32 tu katika mstari mmoja, na Commodore 64 herufi 40. Mtu anayeandika barua ya ofisi alihitaji kiasi cha herufi 80, sawa na mashine ya kuchapa. IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC mwaka 1981, iliiandalia skrini yake maalumu iliyoonesha herufi 80 kwa mstari. Mwaka 1987 ukaja mfumo wa VGA, wenye nukta 640 kwa 480, uliochora picha nzima kwa mkupuo mmoja bila kuruka mistari. Kuanzia hapo njia zikagawanyika: kioo cha kutazama sebuleni, kioo cha kusoma ofisini.

Kwetu Afrika Mashariki

Historia ya kwetu ina sura yake. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilifuata mwaka 1973, tena kwa rangi, jambo ambalo Wazanzibari wanajivunia hadi leo. Tanzania Bara ilikuwa vingine. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Televisheni nayo ilihesabiwa kuwa anasa, na Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya binafsi, ITV kikiwa mojawapo, vikaanza kurusha matangazo. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilianza televisheni ya majaribio mwaka 1981, miaka sita baada ya uhuru.

Kwa hiyo wengi wetu tuliokulia kusini hatukupitia zama za kuchomeka kompyuta kwenye televisheni ya sebuleni. Vyombo viwili vilitufikia vikiwa vimekwishatengana. Kioo cha kwanza nilichokifahamu mimi kilikuwa cha kibanda cha video: deki moja, televisheni moja ya chogo, na watoto arobaini juu ya mabenchi. Katika vibanda vya namna hiyo ndipo kanda za wafasiri kama Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, zilipowafikia watu ambao hawakuwahi kuingia darasa la fasihi. Kompyuta niliiona baadaye sana, ofisini, imefunikwa kitambaa.

Kurudiana

Zama za "flati" zimewarudisha ndugu hawa pamoja. Kioo bapa cha leo, kiwe kimeandikwa televisheni au skrini ya kompyuta, kimepangwa nukta. Waya wa HDMI, ambao vipimo vyake vilitolewa mwaka 2002, hupeleka picha na sauti kutoka kwenye kompyuta au king'amuzi bila kubagua. Hata hivyo tabia za zamani hazijaisha, na hapa ndipo jibu langu la haraka kwa shemeji lilipopungua. Mambo manne yanafaa kuangaliwa.

Kwanza, idadi ya nukta. Televisheni nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768, yaani zaidi kidogo ya milioni moja. Zile za 1920 kwa 1080 zina zaidi ya milioni mbili. Kwa mpira tofauti ni ndogo, lakini kwa ukurasa wa maandishi ni kubwa.

Pili, televisheni nyingine hukuza picha kidogo na kukata kingo zake, desturi iliyorithiwa kutoka zama za chogo. Ukiunganisha kompyuta, vitufe vya pembeni hupotea. Dawa yake hupatikana katika mpangilio wa ukubwa wa picha, na ni vyema kuijaribu dukani kabla ya kulipa.

Tatu, baadhi ya televisheni hupunguza undani wa rangi, kwa kuwa jicho la mtazamaji wa mbali halitambui. Herufi nyekundu juu ya bluu zitaonekana zimevuja wino. Kwa hiyo tujaribu kwa maandishi, tusijaribu kwa picha za maua zinazooneshwa na muuzaji.

Nne, skrini ya kompyuta kwa kawaida haina sehemu ya antena, na mara nyingi haina spika. Itahitaji king'amuzi na spika za pembeni. Kwa mtu wa Namoto anayenunua Mtwara kuna la ziada: plagi ya Tanzania ina miguu mitatu bapa, ilhali soketi za Msumbiji ni za matundu ya duara.

Neno lipi kwa kioo hiki?

Kiswahili nacho kimepita njia hiyohiyo. Tuna "kioo", neno la mtaani ambalo halikusubiri kikao chochote. Tuna "skrini", lililokuja pamoja na kifaa. Tuna pia "kiwambo", kutoka kitenzi "wamba", kama tunavyowamba ngozi juu ya ngoma. Kadhalika "runinga" na "televisheni", "tarakilishi" na "kompyuta", yote yapo, na wanafunzi wetu hutuuliza lipi ni sahihi.

Nadhani swali hilo ni ndugu wa swali la shemeji. Neno huchaguliwa kwa kazi. Tazameni "king'amuzi": neno hili lilienea Tanzania kwa kasi wakati mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, kwa sababu kila nyumba ilikihitaji kifaa na kitenzi "ng'amua" kilikuwa tayari kinywani mwa watu. Kule Namoto mtoto husoma shuleni "ecrã" na "computador" kwa Kireno, husema Kimakonde au Kimwani nyumbani, na huyapata maneno ya Kiswahili kutoka ng'ambo ya mto. Neno litakalokaa kwake ni lile litakalomfaa akiwa mbele ya kifaa.

Hitimisho

Nilimpigia shemeji tena. Ushauri wangu ulikuwa anunue skrini ya kompyuta ya inchi 22, kwa kuwa binti ndiye mwenye mtihani. Dada yangu akaichukua simu. "Kaka, umemhesabu msomaji, hukuwahesabu watazamaji. Mama mkwe hukaa mkekani, hatua nne kutoka ukutani. Herufi za mtoto zinaweza kukuzwa. Macho ya mzee yatakuzwa na nani?"

Alikuwa na haki. Walinunua televisheni ya inchi 32 yenye nukta 1920 kwa 1080, wakaijaribu dukani kwa ukurasa wa maandishi, na binti huisogelea kwa kiti chake kiasi cha mita moja. Lilibaki jambo moja ambalo hakuna waya unaolitatua: kioo kimoja hakiwezi kutazamwa kwa kazi mbili kwa wakati mmoja. Ugomvi ule wa 1982 umefika Namoto. Wamekubaliana kuwa kompyuta ni ya mchana na alasiri. Ikifika saa mbili usiku, ni taarifa ya habari. Wiki ya mitihani, habari zitasikilizwa redioni.

Walimu wenzangu, ninapendekeza zoezi. Kila mwanafunzi arudi kwao na kuandika maneno yote yanayotumiwa nyumbani kwa kioo hicho na vifaa vyake: chogo, flati, deki, rimoti, king'amuzi na mengineyo. Aandike pia nani hulisema lipi, na kwa nini. Tukiyakusanya, tutakuwa na somo la msamiati ambalo halimo katika kitabu chochote cha kiada.