Kabla ya Droni za Watalii: Jamaa Aliyepanda Meli na Ndege Yake, Akaishia Kukamatwa Rufiji

Wengi wanadhani mambo ya mtu kupanda meli ya abiria na chombo chake cha kurusha angani yameletwa na watalii wa juzi juzi, wale wa kofia pana na droni kwenye begi la mgongoni. Wapi! Pwani yetu ilishaona sinema hiyo Novemba 1914, na staa wake hakuwa mwanajeshi hata kidogo. Alikuwa rubani wa kiraia kutoka Durban, Afrika Kusini, kazi yake kurusha ndege kwenye maonyesho watu washangae. Kwa lugha ya leo, kijana wa kontenti.

Kilichomleta ni meli iliyopotea. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliibukia Zanzibar alfajiri na kuimaliza manowari ya Kiingereza, Pegasus, ikiwa imetia nanga kwa matengenezo. Halafu ikayeyuka. Waingereza walihangaika wiki kadhaa ndipo wakajua imejichimbia kwenye delta ya Rufiji. Meli ya zaidi ya mita 100, imefunikwa matawi ya miti, katikati ya mikoko!

Na hapa watu wa Ifakara wasijifanye hayawahusu. Maji ya Kilombero ndiyo hayo hayo yanayokwenda kukutana na Luwegu na kuuzaa Rufiji. Mito inayoteremka milimani upande wa Uchindile na Mlimba inaishia humo humo. Yaani meli ilijificha mkiani mwa bonde lao.

Sasa shida ilikuwa kuona. Ukiwa baharini, mkoko mmoja unafanana na mwenzake, mifereji imejikunja kama nyoka, na Wajerumani walikuwa wameweka walinzi wenye bunduki kingoni pamoja na simu za kupeana habari. Meli kubwa za Waingereza haziingii, kina hakitoshi. Njia iliyobaki ni juu tu.

Ndipo jamaa wa Durban akakodiwa. Ndege yenyewe ilikuwa Curtiss ya kuelea majini, mali ya mtu binafsi, siyo ya jeshi. Ikapakiwa kwenye Kinfauns Castle, meli iliyozoea kubeba abiria kati ya Uingereza na Afrika Kusini kabla vita havijaigeuza kazi. Rubani naye akavishwa cheo cha jeshi la majini chapchap, maana raia akikamatwa anapeleleza vitani, kamba inamsubiri. Wakamshusha kwenye kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia. Hapo ndipo kambi ikaanza, kama mtalii aliyeteremka ufukweni na kufungua begi lake.

Safari ya kwanza akapotea. Akatua kwenye kisiwa kingine na wenzake wakaanza kumsaka. Jua la huku nalo lilikuwa likiichemsha injini, rejeta ikazingua, ikabidi itafutwe ya gari la Ford kutoka Mombasa. Fundi wa mtaani anaelewa hiyo hadithi bila kuelezwa. Lakini siku chache baadaye akapaa tena, na safari hii akaiona meli, imetulia ndani kabisa ya mto. Wakubwa hawakuamini neno la mtu wa maonyesho, wakataka ofisa wao apande naye akashuhudie kwa macho yake. Akashuhudia.

Desemba injini ikamsaliti akiwa juu ya delta. Akashuka majini, Wajerumani wakamchukua mateka. Wenzake walifanikiwa kuivuta ndege, yeye akabaki. Kwake vita viliishia pale, mwezi mmoja tu baada ya kufika.

Mwaka 1915 zikaletwa ndege za jeshi lenyewe. Za mwanzo aina ya Sopwith hazikufua dafu, joto na unyevu viliyeyusha gundi ya mbao zake. Nyingine zikaja zikapiga picha za delta kutoka juu, na Mafia kukatengenezwa uwanja. Julai zikaingia meli mbili fupi zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey. Zilikuwa zinapiga mizinga kwa shabaha ambayo hazioni. Ndege ndiyo iliyokuwa inaziambia kwa redio, ongeza, punguza, sogeza kushoto. Tarehe 11 Julai 1915 ndege ya kuelekeza ikapigwa. Huku inashuka, mwelekezaji aliendelea kutuma masahihisho mpaka ikagonga maji. Yeye na rubani wake waliokolewa. Königsberg haikuokoka, wenyewe Wajerumani wakaimalizia hapo hapo. Mizinga yake wakaing'oa, ikaburutwa nchi kavu kwa nguvu za wapagazi Waafrika ambao majina yao hakuna aliyejisumbua kuyaandika. Kuhusu rubani kuna vitabu. Kuhusu waliovuta chuma kile porini, kimya.

Sasa twende Uchindile. Bahari hakuna, lakini safari ya starehe ya kulala humo humo, kula humo humo na kuangalia dunia dirishani ipo. Tangu 1993 treni ya kifahari ya Rovos Rail kutoka Afrika Kusini imekuwa ikifanya safari kati ya Cape Town na Dar es Salaam, takriban wiki mbili njiani, na huku kwetu inapita reli ya TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na Wachina, Watanzania na Wazambia, na kipande kilichowatoa jasho kuliko vyote ni hiki cha Mlimba mpaka Makambako, Uchindile ikiwa humo. Madaraja marefu, mahandaki moja baada ya jingine, na mlima wa kupanda zaidi ya mita 1,000. Mtu mwenye droni akifika pale mkono lazima umuwashe.

Asubiri kidogo. Droni ikipaa huwa inakumbuka kwa GPS sehemu ilipotokea, na ikiishiwa chaji au ikipoteza mawasiliano inarudi pale pale. Sasa wewe umeirusha juu ya behewa au kwenye sitaha ya meli, chombo kimeshasonga kilomita mbili. Droni itarudi kwa uaminifu wote mahali ambapo haupo. Kama ni bahari, inajizamisha yenyewe kistaarabu kabisa. Kama ni Uchindile, inaingia msituni, na hapo hakuna kituo kingine cha kushukia ukaifuate kwa bodaboda. Ndiyo sababu mojawapo kampuni kubwa za meli za utalii zinakataza kuirusha ukiwa melini. Nyingine hazitaki hata iingie nayo, na nyingine zinaichukua mlangoni na kukupa siku ya kushuka. Betri zake nazo ni za lithiamu, zikishika moto kuzima ni kazi, na meli haina mahali pa kukimbilia.

Ukishuka nchi kavu unakutana na serikali. Tanzania droni inaitwa ndege nyuki, jina tamu kuliko lile la Kizungu, na inahesabiwa kuwa ndege: kibali kinatoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na watu wa ulinzi wanahusishwa. Ndani ya hifadhi kuna ruhusa nyingine juu yake. Kenya walikuwa wakali zaidi, mpaka kanuni za 2020 zilipofungua mlango. Watalii wengi wanalalamika kwamba ni urasimu wa Kiafrika. Wamesahau nani alianza kuzipaka rangi ya upelelezi ndege za watu binafsi kwenye pwani hii.

Na siyo kwamba nchi inaogopa kifaa chenyewe. Mwaka 2015 Dar es Salaam droni zilitumika kuchora ramani za mitaa inayofurika, na kuanzia 2016 Zanzibar ilipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, wanafunzi wa chuo kikuu cha huko wakiwa kazini. Mwaka 2018 droni ilipeleka vifurushi kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40. Kule Tarangire na Serengeti zimejaribiwa kufukuza tembo mashambani. Mlio ule wanauona kama nyuki, wanatimua mbio. Mkulima wa Kilombero anayekesha kulinda mpunga wake angeipokea droni kama hiyo kwa mikono miwili.

Anayemkwaza ni yule wa dirishani. Treni inapunguza mwendo mlimani, kidude kinapanda, kinaelea juu ya ua ambamo mama anaoga mtoto, dakika tatu baadaye kimeshashuka na treni imeingia handakini. Ile video itaangaliwa na watu wa nchi tano. Mama wa Uchindile haijui, hakuulizwa, na hana pa kwenda kuuliza, kwa sababu aliyempiga picha kesho anaamka Zambia.